MKULIMA NA KUKU WAKE: Kuku wa Nyama Hupimwa kwa Mizani, si kwa Sifa

Mwenye shamba dogo anapokusudia kufuga kuku wa nyama, jambo la kwanza analokutana nalo ni maneno mengi. Muuza vifaranga husema kwamba kuku wake weupe huwa tayari kwa kisu katika majuma matano au sita. Jirani husema kwamba kuku hao hufa ovyo, na heri kufuga wale wa rangi wanaofanana na kuku wa nyumbani. Mzee wa mji naye husema kwamba hakuna nyama iliyo tamu kama ya kuku wa kienyeji. Kila mmoja ana ukweli kidogo, lakini hakuna mwenye ukweli wote. Na hasara ikitokea, haibebwi na muuzaji wala na jirani, bali na mwenye banda.

Jambo hili si dogo. Fedha zinazotiwa katika vifaranga 100 na chakula chao aghalabu ndizo zilizokuwa zimewekwa kwa ajili ya karo ya shule au mbolea ya msimu ujao. Kwa hiyo yafaa mfugaji ajue kuku hawa hutofautiana kwa nini, na jinsi ya kuwalinganisha mwenyewe kabla ya kujitia katika gharama kubwa.

Tofauti zilitoka wapi

Zamani kuku wa nyama hakuwa na nasaba yake pekee. Jogoo waliozidi na mitetea iliyoacha kutaga ndio waliochinjwa. Huko Marekani mambo yalianza kugeuka baada ya Vita Kuu ya Pili, yalipofanyika mashindano yaliyoitwa Kuku wa Kesho. Katika fainali ya mwaka 1948 mayai ya washindani yalitotolewa pamoja, na vifaranga wakalelewa kwa chakula kimoja kwa muda wa majuma 12, ndipo wakachinjwa na kupimwa. Mshindi alikuwa Vantress wa California, aliyechanganya damu ya kuku wa Cornish wenye kifua kipana na ile ya New Hampshire. Tangu hapo wazalishaji wakazidi kuchagua kizazi baada ya kizazi wale wakuao upesi na wenye nyama nyingi kifuani, na kuku weupe wa nyama wa siku hizi wamejengwa hasa juu ya damu ya Cornish na ya Plymouth Rock weupe.

Kazi hiyo imeleta mabadiliko makubwa mno. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Alberta, huko Kanada, walikuwa wamehifadhi mbegu ya kuku wa nyama ya mwaka 1957 na nyingine ya mwaka 1978 bila kuzibadilisha. Waliwalea kuku hao pamoja na mbegu ya mwaka 2005, wakawapa wote chakula cha namna moja, na matokeo yakatangazwa mwaka 2014. Walipofikia umri wa siku 56, kuku wa mbegu ya mwaka 1957 walikuwa na uzito wa gramu 905, wale wa mwaka 1978 gramu 1,808, na wale wa mwaka 2005 gramu 4,202. Chakula kilikuwa kimoja na malezi yalikuwa mamoja. Kilichotofautiana ni damu.

Hapa pana mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba mbegu ina nguvu nyingi, wala chakula kizuri hakiwezi kumgeuza kuku wa kienyeji awe kuku wa kisasa. La pili ni kwamba mashindano yale ya mwaka 1948 na jaribio lile la Kanada yaliaminika kwa sababu kuku wote walilelewa katika hali moja. Mfugaji anayelinganisha kuku wake wa mwaka huu na wa jirani wa mwaka jana hajalinganisha kitu.

Makundi matatu

Kuku wa nyama wanaopatikana kwa wafugaji wadogo wa Kenya waweza kugawanywa katika makundi matatu.

Kundi la kwanza ni kuku weupe wakuao upesi, ambao watu wengi huwaita broila. Majina ya mbegu zao zinazojulikana duniani ni kama Cobb 500, Ross 308 na Arbor Acres. Mfugaji mdogo asisumbuke sana juu ya majina haya matatu, kwa sababu tofauti baina yao ni ndogo kuliko tofauti inayoletwa na banda baridi au chakula kibaya. Chini ya uangalizi mzuri hufikia kilo 2 kwa majuma matano au sita, na hula kilo 1 na nusu hadi 2 za chakula kwa kila kilo moja ya uzito. Hakuna kuku mwingine ageuzaye chakula kuwa nyama kwa wepesi kama huo.

Kundi la pili ni kuku wa rangi, wakuao polepole kidogo. Miongoni mwao ni Sasso, ambao asili yao ni Ufaransa, nchi ambayo kuku wenye alama ya sifa iitwayo Label Rouge hawaruhusiwi kuchinjwa kabla ya siku 81. Wamo pia Kuroiler, waliozalishwa India kwa ajili ya watu wa vijijini, na ambao walianza kujaribiwa Uganda mwaka 2010. Katika nyua za wanavijiji, huku wakijitafutia sehemu ya chakula chao, Kuroiler waliwapita kuku wa kienyeji kwa uzito. Kuku wa kundi hili huhitaji majuma 10 hadi 12, pengine zaidi, kufikia kilo 2, na kama wakilishwa chakula cha kununua tu, kilo moja ya uzito mara nyingi hula kilo 2 na nusu au zaidi.

Kundi la tatu ni kuku wa kienyeji, pamoja na kuku wa kienyeji walioboreshwa, kama wale wanaozalishwa na Shirika la Utafiti wa Kilimo na Mifugo la Kenya, yaani KALRO, katika kituo chake cha Naivasha. Hao ni kuku wa mayai na wa nyama pamoja. Mfugaji anayewafuga kwa nyama hana budi kuwa na subira ya miezi kadhaa, na asiwalishe chakula cha gunia kutwa kucha, maana watakula kuliko bei yao.

Jinsi ya kulinganisha kwa haki

Njia iliyo salama ni mfugaji kujaribu kwa vifaranga wachache, hamsini hamsini kwa mfano, kabla ya kununua mamia. Vifaranga wa aina mbili watwaliwe siku moja, wote wakiwa wa umri wa siku moja, na watengwe tangu siku hiyo kwa ukuta wa mbao au wavu. Wakichanganywa, wale wakuao upesi watawasukuma wenzao penye chakula, na mwisho wake hapatajulikana nani alikula nini.

Malezi ya vifaranga na yawe sawa pande zote mbili. Juma la kwanza wanahitaji joto la digrii 32 hivi za Selsiasi, kisha lipunguzwe kidogo kidogo kila juma mpaka manyoya yao yawatoshe. Mfugaji asiyekuwa na kipimajoto awatazame vifaranga wenyewe: wakirundikana karibu na jiko wanaona baridi, wakikimbilia kutani wanaona joto, na wakitawanyika na kula kwa utulivu mambo ni sawa. Jiko la makaa lisitumiwe katika chumba kisichopitisha hewa, maana moshi wake usioonekana huua vifaranga na watu pia. Maranda yatandikwe makavu, na yakilowa yaondolewe, kwa kuwa unyevu ndio mama wa ugonjwa wa kuhara damu. Chanjo za Newcastle na Gumboro zitolewe kwa siku zilizopangwa na afisa wa mifugo, na kuku watakaokaa muda mrefu waongezewe chanjo ya ndui.

Baada ya hayo inahitajika mizani na daftari. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari, na neno hili ni kweli hasa kwa kuku, kwa sababu hula kidogo kidogo kila siku na mtu hahisi gunia linavyokwisha. Mambo manne yaandikwe kwa kila aina peke yake: uzito wa chakula kilichotolewa, idadi ya waliokufa na tarehe zake, uzito wa kuku kila juma, na fedha zilizotumika kwa dawa, makaa na maranda.

Kupima kuku kuna adabu yake. Wapimwe siku ile ile ya juma, asubuhi kabla hawajala. Watwaliwe kumi kwa kila aina bila kuchagua, wale watakaofikiwa na mkono, maana mkono upendao kuchagua wanono humdanganya mwenyewe. Jogoo huwa wazito kuliko mitetea. Kwa hiyo ikiwa upande mmoja una jogoo wengi zaidi, jambo hilo nalo liandikwe.

Hesabu ya mwisho

Wengi hukosea hapa. Huwapima kuku wa aina mbili katika siku ya 42, wakaona wale weupe wana kilo 2 na wale wa rangi hawajafika nusu ya njia, ndipo wakasema shauri limekwisha. Lakini mnunuzi hanunui umri, hununua kuku. Kulinganisha kwa haki ni kungoja mpaka kila aina ifikie uzito wa kuuzwa, kisha kuuliza: imekula kiasi gani, imechukua siku ngapi, na imeleta fedha ngapi?

Mfano ufuatao waonyesha njia yenyewe. Kila mfugaji ataweka hesabu zake mahali pa hizi. Tuseme vifaranga 50 weupe waliingia bandani, wakafa wawili, na wale 48 wakauzwa siku ya 42 wakiwa na wastani wa kilo 2. Uzito wote ni kilo 96. Kama walikula kilo 182 za chakula, basi kila kilo ya kuku ilikula kilo 1.9. Upande wa pili waliingia vifaranga 50 wa rangi, wakafa wawili vile vile, na wale 48 wakafikia wastani wa kilo 2 siku ya 84. Kama walikula kilo 278, basi kila kilo ya kuku ilikula kilo 2.9.

Tofauti ni kilo 96 za chakula, karibu magunia mawili ya kilo 50. Ikigawanywa kwa kuku 48, kila kuku wa rangi amekula kilo 2 zaidi ya mwenzake mweupe. Basi swali limekuwa rahisi. Mnunuzi wa kuku wa rangi ataongeza bei ipitayo gharama ya kilo 2 za chakula, pamoja na ujira wa majuma sita ya kazi? Kama ataongeza, kuku wa rangi wana faida. Kama hataongeza, kuku weupe wameshinda, hata jirani aseme nini.

Chakula cha waliokufa kisisahauliwe katika hesabu hii. Kuku afaye siku ya pili amepoteza bei ya kifaranga tu, lakini afaye siku ya 38 amekwenda na chakula cha karibu maisha yake yote. Ndiyo sababu tarehe ya kifo huandikwa.

Kadhalika ihesabiwe nafasi ya banda. Mfugaji anayewatoa kuku siku ya 42 na kuliacha banda likiwa safi na tupu kwa siku 14 aweza kufuga mikupuo sita kwa mwaka. Yule anayengoja siku 84 atapata mikupuo mitatu. Kwa mwenye banda moja na wanunuzi wa kudumu tofauti hiyo ni kubwa. Kwa mwenye kuuza wakati wa Krismasi na Pasaka tu, haina uzito mwingi.

Mahali pa shamba

Kuku mweupe ni mfano wa gari lenye injini kubwa: hutaka hewa nyingi. Mwili wake hukua upesi kuliko moyo na mapafu yake. Katika nchi za juu, kama Limuru, Kinangop na sehemu za Uasin Gishu, ambako hewa ni nyepesi na usiku ni baridi, moyo wake hulazimika kufanya kazi kupita kiasi, na maji hujaa tumboni. Kuku wa namna hiyo huhema kwa shida, kilemba chake hugeuka rangi ya samawati, na huanguka ghafula. Wafugaji wengi hudhani ni sumu au uchawi wa jirani, kumbe ni mwinuko wa nchi.

Dawa yake si sindano. Ni kuwapunguzia chakula kidogo katika juma la pili na la tatu ili wasikue kwa pupa, kuwapa joto la kutosha, na kuacha hewa safi ipite juu ya vichwa vyao badala ya kuziba kila tundu kwa magunia. Mfugaji wa nchi ya juu asiyeweza kufanya hayo afikirie sana kuku wa rangi, ambao hupatwa na ugonjwa huo kwa nadra.

Katika nchi za joto, kama pwani na kando ya Ziwa Victoria, shida ni nyingine. Kuku mweupe aliyekaribia kilo 2 hufa kwa joto la mchana. Huko banda na liwe wazi pande mbili, kuku wasibanwe, maji baridi yawepo daima, na chakula kitolewe zaidi alfajiri na jioni.

Mnunuzi ni nani

Mwenye mkahawa wa mjini hutaka kuku laini, walio sawa kwa ukubwa, na hununua kwa kilo. Huyo ni mnunuzi wa kuku weupe. Mama anunuaye kuku hai sokoni ili apokee wageni humtazama rangi, huyashika mapaja, na hununua kwa kichwa. Huko magharibi ya Kenya, ambako mgeni wa heshima huandaliwa kuku, na firigisi ina mwenyewe mezani, kuku mweupe wa majuma sita hatoshi kuheshimu mtu. Huyo ni mnunuzi wa kuku wa rangi au wa kienyeji.

Pana tofauti nyingine ambayo haionekani katika hesabu mpaka imdhuru mtu. Kuku mweupe hawezi kungoja. Afikishapo majuma sita hula karibu gramu 200 kwa siku, kwa hiyo kuku 100 humaliza gunia la kilo 50 kwa siku mbili na nusu. Mnunuzi akiahirisha kwa siku kumi, magunia manne yamekwenda; na kuku wanazidi kunenepa, miguu inalegea, na wengine wanakufa kwa moyo. Faida yote ya mkupuo yaweza kuliwa katika siku hizo kumi. Kuku wa rangi aweza kungoja. Akitolewa nje hutafuta majani na wadudu, na kila juma lipitalo bado ana bei. Kwa hiyo mfugaji wa kuku weupe hutafuta mnunuzi kabla ya kununua vifaranga.

Onyo juu ya mbegu

Wako wafugaji ambao, wakisha kuona kuku weupe au wa rangi wamekua vizuri, huacha jogoo mmoja na mitetea michache ili wazalishe vifaranga vyao wenyewe. Haifai. Kuku hawa ni machotara waliotokana na koo kadhaa zilizochaguliwa kwa makusudi. Watoto wao hawafanani. Mmoja hurudi kwa babu, mwingine kwa bibi, na ukuaji hupungua. Aidha mtetea mweupe aliyelishwa kwa ajili ya nyama hunenepa kupita kiasi na hutaga kwa shida. Atakaye vifaranga wa kwake mwenyewe afuge kuku wa kienyeji walio bora, abadilishe jogoo kila baada ya muda ili damu isijirudie, na achague mitetea inayoatamia na kulea vizuri.

Shauri

Kwa ufupi, mfugaji aliye karibu na mji, mwenye umeme au joto la hakika, fedha za chakula mkononi na mnunuzi aliyeahidi siku, atafaidika na kuku weupe. Aliye mbali na mji, mwenye uwanja, mabaki ya mboga na nafaka, na soko linalonunua kwa rangi na kichwa, afuge kuku wa rangi. Asiyekuwa na fedha za gunia hata moja aanze na kienyeji kilichoboreshwa, aongeze polepole. Na yeyote kati yao asipokee neno la mtu, hata likiwa limeandikwa gazetini, kabla ya kulijaribu bandani kwake kwa kuku hamsini, mizani moja na daftari la shule.